Kupanga Windo la Kwanza kwa Mbwa wa Kukurupusha Ndege

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mjini Nairobi mbele ya watu wafugao mbwa na watu waajiriwao kuwatunza, kutoka Karen, Lang'ata, Dagoretti, Lavington na Kawangware. Tunayapiga chapa kwa faida ya wasomaji wote wenye mbwa.



Nimeombwa niwaeleze jinsi mtu aanzaye awezavyo kupanga windo lake la kwanza la ndege, yeye mwenyewe na mbwa wake, pasipo kukodi kiongozi. Wengi wenu mmeona picha za nchi za ng'ambo: watu wanatembea katika majani makavu, mbwa mwenye masikio marefu ametangulia, na ndege mwenye mkia mrefu anaruka mbele yao kwa kishindo. Kisha mkamtazama mbwa wenu alalaye barazani, mkajiuliza kama naye aweza kazi ile. Nitawajibu kwamba aweza, akifundishwa. Lakini windo ni jambo la watu watatu: mbwa, bwana wake, na mwenye nchi. Ni lazima wote watatu wapatane kabla mguu haujatoka nyumbani.

KAZI YA MBWA HUYU

Mbwa wa kuwindia ndege ni wa namna tatu. Wako wale ambao wakisikia harufu ya ndege husimama kimya, pua mbele, mpaka bwana wao afike. Wako wale ambao kazi yao ni kuokota ndege aliyeanguka na kumleta. Na wako wa namna ya tatu, ambao ndio tunaowasema leo, yaani mbwa wa kukurupusha. Hao hukimbia mbele ya bwana wao wakienda kulia na kushoto kama mtu afagiaye uwanja. Hunusa kila kichaka, na wampatapo ndege humwingilia kwa haraka mpaka aruke. Mashuhuri kati yao ni mbwa waitwao spanieli.

Ndege wa kwenye picha zile ni fezanti, na asili yake ni Asia. Mwaka 1881 Bwana Owen Denny, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai, alipeleka fezanti kwao Oregon. Wengi wa wale wa kwanza walikufa, akapeleka wengine mwaka 1882, nao wakazaana. Katika jimbo la South Dakota msimu wa kwanza wa kuwawinda ulifunguliwa mwaka 1919, ukawa wa siku moja tu.

Hapa kwetu fezanti hayuko porini, lakini jamaa zake tunao. Kwale ni wa ukoo wake, na kanga si mbali naye. Wote hao wana tabia moja, kwamba wakisikia hatari hupenda kukimbia kwa miguu ndani ya majani kuliko kuruka. Mtu aendaye peke yake hupita karibu nao asiwaone, na kwa sababu hiyo mbwa alitakiwa tangu zamani.

Sasa sikilizeni hesabu ya kazi hii. Bunduki ya marisau hufaa kwa umbali wa mita 35 hivi. Mbwa akimrusha ndege mita 60 mbele ya bwana wake, amefanya kazi ya bure. Kwa hiyo mbwa mwema hutafuta ndani ya mita 20 au 25, hazidishi. Tena ndege arukapo, mbwa hana ruhusa ya kumfukuza. Yampasa aketi palepale, kwa kuwa akifukuza atawakurupusha ndege wengine walio mbele, na ndege akiruka chini chini risasi itampata yeye. Mambo haya mawili, kutokwenda mbali na kuketi ndege arukapo, ndiyo elimu yote ya mbwa wa kukurupusha. Mengine ni mapambo.

SHERIA YASEMAJE

Wakati wa Serikali ya Kikoloni mwenye fedha na bunduki alinunua leseni ya ndege akaenda kuwinda, na Mwafrika aliyeingia porini na mbwa wake na upinde mara nyingi aliitwa jangili. Wazee wetu walikumbuka tofauti hiyo kwa uchungu, na walikuwa na haki. Siku hizi amri ni moja kwa watu wote.

Tarehe 19 Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Baadaye, kwa muda wa miaka mingi, kupiga ndege kwa leseni kuliruhusiwa, na ndiyo maana mtasikia watu wazima wakisimulia safari zao za kwale na kanga. Lakini Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza uwindaji wa michezo na wa burudani. Yakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Faini zake ni nzito, na kifungo kimo. Kanga wa porini aliyeingia shambani mwako hajawa kuku wako kwa sababu ya kupita uani.

Basi mtu awaambiaye kwamba ndege hawahesabiwi, au kwamba mbwa akimkamata mwenyewe si kosa la mtu, msimsadiki. Kumtuma mbwa ni kama kutupa jiwe: likishatoka mkononi, aulizwaye ni aliyelitupa.

NI NANI AKAMATWAYE

Hapa nataka kusema nanyi vijana mnaotunza mbwa. Tuseme bwana amesafiri. Kijana aambiwa awatoe mbwa watatu kila asubuhi, wapate kunyoosha miguu. Awapeleka ukingo wa Msitu wa Ngong Road, karibu na barabara ya Southern Bypass, na kwa kuwa mbwa wanavuta sana, awafungulia kamba. Paa atoka kichakani. Mbwa wote watatu wamfuata, na kijana awafuata mbwa akipiga kelele. Baada ya dakika kumi askari wa msitu wamkuta kijana amesimama juu ya paa aliyekufa, na mbwa wenye damu midomoni.

Je, ni nani atakayeeleza jambo hili? Bwana yuko mbali. Mbwa hawana maneno. Kijana hana karatasi yo yote mkononi, na maelezo yake yafanana kabisa na maelezo ya jangili, kwa kuwa majangili nao huwinda kwa mbwa, nao husema kwamba mbwa walijifungua wenyewe.

Kwa hiyo ninyi wenye mbwa, msimpe mtu mbwa ambaye ninyi wenyewe hamwezi kumsimamisha. Nanyi vijana, mkiagizwa kufungua kamba mahali pasiporuhusiwa, mkatae kwa adabu na mseme sababu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi mbwa haingii kabisa. Katika Msitu wa Karura huingia akiwa amefungwa kamba, na kamba hiyo yapasa ibaki shingoni mpaka mtoke. Mahali pengine po pote, ulizeni langoni kabla hamjapita.

WINDO LA MFUKO

Mtasema, Bwana huyu ametuita kutufundisha kuwinda, na sasa ametunyang'anya ndege. Sikuwanyang'anya kitu. Wafundishao mbwa wa namna hii huko Uingereza hufanya mazoezi mengi, na hata mashindano, kwa mifuko ya turubai badala ya ndege. Mbwa hujua harufu, maficho, filimbi na furaha ya bwana wake. Leseni hajui kuisoma. Windo la mfuko laweza kufanywa Karen au Dagoretti katika shamba la mtu aliyekubali, pasipo kumgusa kiumbe wa porini.

Mfuko hutengenezwa hivi. Nunua kipande cha turubai katika maduka ya nguo ya Biashara Street, kishone kama soksi nene, ukijaze matambara mpaka uzito ufike nusu kilo. Kisha ufunge manyoya ya kuku wa nyumbani kwa uzi, apate kujua harufu ya ndege na kuzoea manyoya kinywani. Tengeneza mifuko sita. Nunua na filimbi moja, uivae shingoni, wala usiibadili, maana mbwa huijua sauti yake kama mtoto aijuavyo sauti ya mamaye.

Amri za filimbi ni tatu tu. Mlio mmoja mrefu maana yake keti. Milio miwili mifupi maana yake geuka, utafute upande wa pili. Milio mingi ya haraka maana yake njoo. Watu wote wa nyumbani wazijue, wapate kusema lugha moja. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa mbwa wa miezi miwili aweza kuanza kuketi na kuja, kwa dakika chache, mara mbili kwa siku, naye apewe kipande cha chakula na neno jema. Kazi ya kutafuta ingoje mpaka miezi sita au minane, akishajua kutii.

Akishatii, mfundishe kufagia. Simama huku upepo unakupiga usoni, kwa kuwa harufu huja na upepo. Mtume kulia hatua ishirini, piga milio miwili, wewe ukielekea kushoto, naye atakufuata. Halafu ficha mifuko miwili katika majani marefu, mmoja kila upande, apate kujua kwamba akibaki karibu nawe atapata, na akienda mbali hapati kitu.

Mwisho ndio mtihani. Mwenzako ajifiche nyuma ya kichaka, ameshika kamba ndefu iliyofungwa mfuko. Mbwa afikapo na kuanza kunusa, mwenzako avute kwa nguvu, mfuko uruke kutoka majanini kama kwale. Papo hapo piga mlio mrefu. Mbwa akiketi, hesabu mpaka kumi, kisha mtume aulete. Akiufukuza, usimpige. Mfunge kamba, mrudishe mahali pale alipopaswa kuketi, anza tena kesho kwa mfuko uendao polepole. Badala ya mlio wa bunduki, gongeni vipande viwili vya mbao, kwanza kwa mbali. Katika mji wetu mlio wa bunduki hauitwi mazoezi, huita polisi.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya mbwa wa Kizungu wa bei kubwa. Si kweli. Mbwa aitwaye basenji, ambaye siku hizi hufugwa Ulaya na Marekani, alitoka Kongo, ambako alisukuma wanyama kuingia nyavuni, na wawindaji wakamvika kengele ya mti shingoni wapate kujua alipo. Alipofikishwa Uingereza akastahimili, akaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa mwaka 1937. Hapa kwetu tulikuwa tukimwita mbwa wa namna hiyo mbwa shenzi. Mbwa wa kijijini mwenye pua nzuri na moyo wa kumpenda bwana wake aweza kujifunza filimbi, ijapokuwa yawezekana akataka subira zaidi.

AFYA YA MBWA NA YA WATU

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulitajwa katika nchi hii tangu mwaka 1912, na mbwa aliyetajwa alikuwa wa viunga vya Nairobi. Serikali imeweka mpango wa kuuondoa ugonjwa huo kwa watu ifikapo mwaka 2030. Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti cha chanjo kiwe mfukoni mwa yule amtembezaye. Mtu akiumwa na mbwa ye yote, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, kwa maana dalili zikishaonekana kwa mtu, dawa haimfai tena.

Tena wako kupe, ambao hapa Nairobi huleta homa kali kwa mbwa. Baada ya kila safari mtazame masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Mbegu za nyasi zenye miiba huingia masikioni mwa spanieli, kwa hiyo manyoya ya hapo yapunguzwe. Nyoka bafe hulala kimya njiani. Mbwa akiumwa, msimwache atembee. Mbebeni, mwende kwa daktari wa mifugo mara moja. Wakazi wa upande wa magharibi wajue kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wa mifugo huko Kabete.

SIKU YENYEWE

Sasa tupange. Chagueni mwezi wa Julai au Agosti, wakati wa baridi na umande, maana harufu hukaa chini na mbwa hachoki upesi. Mwezi wa Februari jua huwa kali, na mbwa mwenye manyoya mengi aweza kufa kwa joto. Pateni ruhusa ya mwenye shamba kwa maandishi, ikitaja siku, saa, idadi ya watu na idadi ya mbwa. Mwambieni na jirani yake. Tembeeni shambani siku moja kabla, pasipo mbwa, mkaangalie waya, visima, mifugo, na kama kuna kwale waliotaga. Kama wako, tafuteni pembe nyingine ya shamba, mbali nao.

Watu wanne watosha. Mmoja ashike filimbi, wala asiwepo mwingine wa kumwamuru mbwa. Mmoja afiche mifuko. Mmoja avute kamba. Wa nne aandike. Fikeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa tatu. Chukueni maji ya mbwa lita mbili, bakuli, kamba ya akiba, kitambaa safi cha jeraha, na vile vyeti.

Mwandishi aandike mambo matatu tu: mara ngapi mbwa alipita mita 25; mara ngapi alisikia mlio mrefu akaketi; na mifuko mingapi aliileta mkononi. Mbwa akikataa mlio mrefu mara mbili, kazi ya siku hiyo imekwisha. Mfungeni, mnyweni chai, mrudi nyumbani. Haraka haraka haina baraka, na mbwa aliyeachwa akakosa mara tatu amejifunza kukosa.

Na ndege wa kweli je? Mnaweza kujifunza kuwatambua pasipo kuwasumbua. Chama cha Nature Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1909 kwa jina lingine, kimekuwa na desturi tangu mwaka 1971 ya kutembea na kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, watu wakikutana katika Jumba la Makumbusho la Nairobi. Mwacheni mbwa nyumbani, mwende. Mwindaji asiyejua kumpambanua kwale na kanga kwa sauti hastahili kushika bunduki katika nchi yo yote.

KWA WALE WAENDAO NG'AMBO

Vijana wetu wengi wanasoma na kufanya kazi Marekani, na huko fezanti wapo. Atakayepata nafasi aikaribie kwa sheria. Kila jimbo lina leseni yake, na mengi hutaka mwindaji mpya asome kwanza masomo ya usalama. Mgeni aliyeingia kwa viza asishike bunduki kabla hajapata leseni ya uwindaji, maana sheria ya nchi yao ni kali juu ya hilo. Huko South Dakota msimu hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Oktoba. Ni madume tu wanaopigwa, na kila mtu hapewi zaidi ya watatu kwa siku. Serikali ya jimbo hukodi mashamba ya watu ili wananchi waingie kwa miguu na kuwinda bila kulipa kiingilio. Hata huko ruhusa ya mwenye nchi ndiyo mlango.

Aendaye Tanzania ajue kwamba huko uwindaji wa leseni upo, chini ya sheria ya mwaka 2009. Lakini leseni ya ndege asiidhani kuwa ruhusa ya mbwa. Aulize na apate jibu la maandishi kabla hajavuka Namanga.

Mabwana na Mabibi, nimefika mwisho. Mbwa aketiye aliposikia filimbi, hata kama paa anapita mbele ya pua yake, amemlinda paa, amejilinda mwenyewe, na zaidi ya yote amemlinda kijana aliyeshika kamba asiende kulala korokoroni kwa kosa asilolikusudia. Anzeni leo jioni uani kwenu, kwa mlio mmoja mrefu na kipande cha chakula. Mwezi wa Julai ukifika, mtakuwa tayari.